Kibati Namba Thelathini na Moja

Mimi nina mdomo. Kiwandani waliniita Redio, na si kwa kunisingizia. Nikiwaka nimewaka, mpaka betri iishe. Basi mkinisikia nasimulia hili kwa ukali msiniambie nipunguze sauti, maana hasira yenyewe bado ninayo na sina haraka ya kuachana nayo.

Tulikuwa tunafanya kazi kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, mimi na wifi yangu. Ni mdogo wa mwisho wa mume wangu. Tangu aachike amekaa kwetu na binti yake, pamoja na wanangu wawili, na kazi ile mimi ndiye niliyemtafutia. Yeye alikuwa mashine ya kukamua, mimi rola ya kunyooshea, hatua sita kati yetu. Shuka lililolowa uzito wake si mchezo. Mtu anayevuta toroli la mashuka hamsini yaliyotoka majini, hata awe mwembamba kama wifi, ana mgongo wa mwanaume. Na alikuwa akiimba huku anavuta, vibaya sana, masikini, mpaka tukamwomba apumzishe masikio yetu.

Pale getini palikuwa na ubao wa misumari. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake chenye namba. Ukifika unakitoa upande wa kushoto unakitundika kulia. Saa mbili kamili karani anatoka na daftari, ananakili namba zilizo kulia, anarudi zake ndani kunywa chai. Hakuna aliyehesabu vichwa. Namba yangu thelathini, ya wifi thelathini na moja.

Na sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Mwenzio mtoto kaamka na homa, au usafiri umemwacha, anakupigia simu, unamtundikia. Yeye akifika anapitia mlango wa matoroli. Hakuna aliyetufundisha, ukiajiriwa unaukuta. Bibi Pasi, mkongwe wetu wa chumba cha kunyoosha, anasema ulikuwepo tangu pasi zikiwa za mkaa. Mtu akikosa siku tatu kiwanda kilimfukuza bila kumuuliza alikuwa wapi, sasa ulitaka tufanyeje? Hatukuuona kama uongo. Tuliuona kama utu, na mpaka leo mtu asiniambie vinginevyo.

Ndipo ikaja ile homa ya kifua. Mnaikumbuka wenyewe, sina haja ya kueleza. Mume wangu, dereva wa lori, ilimkuta mpakani, mpaka ukafungwa, akabaki huko na mzigo wake. Mashuka yakawa yanakuja mara mbili ya zamani, mengine na damu. Tulipewa barakoa moja kwa wiki. Moja! Tulizifua wenyewe jioni tukazianika juu ya mabomba ya mvuke.

Wifi akaugua. Wakamchukua kwenye mahema ya wagonjwa, uwanjani kwa shule moja, siku kumi na nne. Asubuhi ya kwanza nilipofika getini nikatundika kibati changu, na mkono wangu ukatundika na chake. Sikufikiri. Kesho yake tena. Mimi nilitundika siku tisa, siku nyingine walitundika wenzangu wa chumba cha kunyoosha. Tulikuwa tunamwokolea kazi yake.

Msidhani msimamizi hakujua. Mashine ya kukamua si sindano, ikikosa mtu inaonekana. Msimamizi wetu tulimwita Bwana Sawa, maana kila sentensi alifungia na neno hilo. Siku ya pili alikuja akasimama mbele ya mashine ya wifi, akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Gawaneni kazi yake, sawa?" akasema. "Na nisisikie mtu anamtaja mgonjwa humu ndani, sawa?"

Alijua vizuri kwamba wakigundua mgonjwa mmoja, watu wa afya wangepiga kufuli kiwanda wiki nzima wakipuliza dawa. Ubao uliojaa vibati ulimfaa yeye kuliko ulivyotufaa sisi. Tukagawana mashuka ya wifi, tukajikaza kisabuni, na hakuna aliyelalamika.

Wifi akarudi na cheti chake cha kuruhusiwa, chenye mhuri na tarehe. Alirudi mtu nusu. Ngazi tatu za mlango wa nyumbani alizipanda kwa mapumziko mawili. Lakini alikwenda kazini, na kuimba ndiyo ikawa basi.

Wiki iliyofuata, sheria ikatoka. Baraza la mji lilikaa kikao cha dharura likapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi mpaka ugonjwa uishe. Kurasa tatu, zikabandikwa getini kwetu kama walivyoagizwa. Wenzangu wakanisukuma nisome. Nikapanda juu ya kreti la sabuni, nikasoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Kifungu cha sita kilisema hivi: mfanyakazi aliyeugua homa hii, tangu siku ugonjwa ulipotangazwa, hatafukuzwa kazi kwa sababu ya kuugua wala kwa sababu ya udhaifu uliobaki mwilini, atapewa kazi nyepesi siku tisini kwa mshahara uleule.

Nyie! Vigelegele vilivyopigwa pale getini, mpaka mlinzi akatoka kuangalia kama kuna harusi, na vifungu vilivyobaki hata sikuvisoma. Wifi alilia. Mimi nikatoa nakala ya kurasa zote tatu dukani, nikaibandika ukutani juu ya kitanda chake ili kila akilala aione. Nilijiona nimeshika mbingu kwa mkono.

Siku tisa baadaye alisimamisha toroli katikati ya njia, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akitafuta pumzi. Bwana Sawa akamwandikia barua ya kumfukuza kabla hajainuka. Sababu: uzembe.

Damu ilinipanda kichwani. Nikaibandua ile karatasi ya getini, mkanda wa gundi na yote, nikaenda nayo ofisini kwake.

"Kifungu cha sita," nikamwambia. "Soma."

"Nimekisoma," akasema. "Kinahusu aliyeugua, sawa?" Akafungua daftari la mahudhurio, akalizungusha linielekee. Akapita na kidole. "Thelathini na moja, yupo. Thelathini na moja, yupo. Yupo. Yupo. Mwezi mzima hajakosa hata siku moja. Ugonjwa gani huo wa mtu asiyekosa kazi?"

Nilimwangalia usoni. Hakupepesa hata ukope.

"Wewe si ndiye uliyetuambia tugawane kazi yake?"

"Mimi?" akasema. "Labda kama kuna mtu alikuwa anatundika vibati visivyo vyake. Huyo nitajie jina lake, tumshughulikie. Sawa?"

Mimi, Redio, nilitoka ofisini kwa mtu bila kujibu. Nilikwenda nikasimama nyuma ya matangi ya maji, nikapiga teke ndoo ya watu mpaka ikapasuka.

Tukafungua shauri kwa afisa kazi wa baraza. Cheti cha wifi kikapokelewa, lakini chenyewe kilikuwa na kasoro isiyokuwa yake. Siku zile vyeti vya homa viliuzwa sokoni na mihuri halisi kabisa. Mtu alinunua ili apate ruhusa. Mahema yalikuwa yameshang'olewa, daftari la wagonjwa limepelekwa makao makuu, na barua ya afisa ya kuliulizia ilikuwa haijajibiwa. Kwa hiyo mezani kwake kulikuwa na karatasi mbili zinazokanushana, cheti kinachosema wifi alikuwa hemani na daftari linalosema alikuwa kazini.

Nikamfuata yule afisa peke yangu kabla ya siku ya shauri. Nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu: je, akitokea mtu akasema kibati kile kilitundikwa na mwingine?

"Hapo mdai ameshinda," akasema. "Atarudi kazini siku hiyohiyo."

"Na huyo aliyetundika?"

Akanifungulia ukurasa wa tatu. Kifungu cha tisa: atakayetoa taarifa ya uongo juu ya mahudhurio hatakuwa na kinga ya sheria hii, na mwajiri anaweza kumwachisha kazi palepale. "Sheria inamlinda mgonjwa," akasema. "Haimlindi mdanganyifu." Akanitazama vizuri. "Una mtu unayemjua?"

Nikamwambia hapana, nikaondoka.

Basi nikawaendea wenzangu wakati wa mapumziko. Niliwaambia tukisema wote, tulio sita, atatufukuza wote? Nani atanyoosha mashuka ya hospitali tatu? Hawezi. Mmoja akawa anakung'uta barakoa yake isiyo na vumbi. Mwingine akasema mume wake hatataka. Bibi Pasi akanishika bega.

"Mwanangu, mimi nimebakiza mwaka mmoja nipumzike. Nakuombea."

"Sikuja kuombewa, bibi!" nikamwambia, na ni mtu ninayemheshimu kama mama. "Ulitundika siku mbili kwa mkono wako huo huo! Mbona siku ile hukuwa na mwaka mmoja?"

Akatoa mkono wake begani kwangu. Niliwatukana wote, tena matusi mengine niliyatunga palepale. Waliufyata. Nilikasirika nao siku nyingi, na mpaka leo nikimsalimia mmoja wao namsalimia kwa meno. Lakini nami siku ile nyuma ya matangi niliufyata vilevile, nalijua hilo.

Nikaamua nitasema mwenyewe. Jioni nikamwambia wifi ajiandae, kesho anarudishiwa kazi yake.

"Na wewe watakufanya nini?" akaniuliza kitandani.

"Mimi? Watanikaripia. Nimezoea kukaripiwa."

Akageukia ukutani, ilipokuwa ile karatasi.

Shauri lilisikilizwa asubuhi, ghorofa ya pili, madirisha wazi, viti vimetenganishwa kama tumegombana. Wote tumevaa barakoa. Wifi alifika juu akitweta, ikabidi afisa amsubiri. Bwana Sawa alikuja na daftari kwapani na suruali iliyopigwa pasi. Na pasi hiyo najua nani aliipiga, na mvuke wa nani.

Afisa akaweka karatasi zake mbili mezani.

"Moja kati ya hizi inadanganya," akasema. "Kuna mtu wa kunisaidia?"

Nikapiga moyo konde. Nikasimama, kiti kikalia sakafuni. Kabla sijafumbua mdomo, mkono wa wifi ukanidaka kifundo cha mkono. Sijui nguvu zile alizitoa wapi.

"Afisa," akasema. "Cheti nilinunua."

Sikuelewa. Nasema kweli, kwa muda kidogo nilidhani anazungumzia cheti cha mtu mwingine.

"Unasemaje?" akauliza afisa.

"Nilinunua sokoni. Sikuwahi kulazwa. Nilikuwa kazini siku zote, kama daftari linavyosema."

"Muongo!" nikapiga kelele. "Afisa, anadanganya! Mimi ndiye niliyemtundikia kibati, siku tisa! Alikuwa hemani, mimi ndiye niliyempelekea uji getini kwa shule! Na huyu hapa," nikamwelekezea kidole Bwana Sawa, "alijua, alituambia tugawane kazi yake! Niandike! Chukua kalamu uniandike!"

Wifi hakunitazama. Alimtazama afisa kwa macho yale ya upole, pumzi ikimkata kila maneno matatu.

"Umsamehe, afisa. Ni wifi yangu. Ananipenda kuliko dada. Yuko tayari kusema lolote, ili mimi nisimwage unga."

Na yule afisa akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma! Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, ukweli wa kwanza kusemwa kwenye chumba kile tangu asubuhi, naye ananiangalia kama mtoto anayesema yeye ndiye aliyevunja sahani ili mwenzake asipigwe.

"Mama, kaa chini," akasema. "Nimeelewa."

"Hujaelewa! Hujaelewa kitu!"

"Huyu mama ni mfanyakazi wetu mzuri sana," Bwana Sawa akadakia, laini kama sabuni ya maji. "Tatizo lake ni mdomo tu. Sisi kwake hatuna neno, sawa?"

Alinitetea! Yeye, aliyejua kila siku, kila kibati, alinitetea mbele ya wifi yangu, kwa sababu uongo wa wifi ulimfaa kama ule wa ubao ulivyomfaa. Nyuma ya barakoa sikuweza kumwona mdomo, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Laiti mlinzi wa baraza asingekuwa amesimama karibu yangu, ningekuwa nasimulia hadithi nyingine, ya jela.

Afisa akaandika. Mdai amekiri, shauri limefutwa. Kisha akafunga jalada akamgeukia wifi. Akasema angeweza kumpeleka polisi kwa cheti cha bandia, ila anamwona hali yake. "Tulihangaika kuipitisha sheria hii kwa ajili ya wagonjwa wa kweli," akasema. "Watu kama nyinyi ndio mnaoiharibu."

Wifi akasema, "Samahani, afisa." Mtu aliyemwaga mapafu yake kwenye mashuka ya watu akaomba samahani. Nikatamani kuipindua ile meza.

Ngazini alikaa mara nne. Mara mbili za kwanza sikumsemesha. Mara ya tatu nikashindwa.

"Nani kakutuma?" nikamfokea. Watu waliokuwa wanapanda wakapita pembeni. "Nani kakutuma uniokoe? Mimi nilikuomba? Ungerudi kazini leo! Leo hii!"

"Kifungu cha tisa," akasema.

"Nini?"

"Wifi, ile karatasi umenibandikia juu ya kichwa. Nimelala pale mchana kutwa, nisome nini kingine? Watanikaripia, unaniambia." Akatabasamu kwa macho. "Wewe una mdomo, lakini kudanganya hujui."

"Wangekurudisha!"

"Siku tisini. Halafu siku ya tisini na moja nivute toroli kwa kifua gani?" Akapumzika. "Na wewe ungekuwa umeshafukuzwa. Kaka yuko mpakani. Watoto watatu mle ndani. Tule nini, kifungu cha sita?"

Hilo ndilo lililonichoma kuliko macho ya Bwana Sawa na kuliko ile huruma ya afisa. Alikuwa sahihi. Amelala pale na kifua chake kibovu, amepima peke yake yupi kati yetu bado anaweza kuvuta mzigo, na ameona ni mimi. Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha nikamshika kwapa tukamalizia ngazi.

Nyumbani nilisema siendi tena kiwanda kile. Nilisema nitakwenda kwa afisa kila siku mpaka aniandike, nitakwenda kwa mwenyekiti wa baraza, nitapanda juu ya kreti katikati ya soko. Nilisema mengi. Wifi alikuwa anachambua mchele.

Niliamka kulipopambazuka kwa sababu mtu alikuwa ananigusa mguu. Alikuwa wifi. Amekwisha kuchemsha chai. Buti zangu za mpira za kazini, zinazokaa nje kwa sababu ya harufu ya dawa, alikuwa amezileta mpaka kitandani, na kwa kuzibeba hatua zile chache ilibidi akae chini sakafuni, buti moja kila mkono, akisubiri pumzi imrudie.

"Amka, wifi," akasema ilipomrudia. "Utachelewa."

Nilitaka kumwambia siendi. Nilitaka kuzitupa zile buti ukutani, zigonge ile karatasi na vifungu vyake vyote. Aliendelea kunitazama.

Nikazivaa, nikaenda.